Mtakatifu Elizabeth Ann Seton: Mgeni Aliyepokewa, Akawa Mama wa Wengi

Katika mwaka wa Yubile ni desturi njema kuwakumbuka wale waliotutangulia katika imani. Tunawakumbuka mapadri wa kwanza, makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, masista, na wakristo wote waliotoa nguvu zao ili kanisa lisimame. Lakini tumeona vema kuweka katika kitabu hiki pia maisha ya mama mmoja ambaye hakukanyaga kamwe udongo wa Afrika, wala hakujua jina la nchi yetu.

Sababu yetu ni hii. Parokia si nyumba ya wenyeji peke yao. Kila Dominika wanaketi katikati yetu watu waliotoka mbali: wafanyabiashara, wanafunzi, wagonjwa waliofuata hospitali, wakimbizi walioacha mashamba na makaburi ya wazazi wao kwa ajili ya vita. Hatujui Mungu anatengeneza jambo gani ndani ya mioyo yao. Maisha ya Elizabeth Ann Seton yanatuonyesha kwamba mara nyingi Mungu anapita katika mlango wa mtu aliyekubali kumpokea mgeni.

Binti wa munganga

Elizabeth Ann Bayley alizaliwa tarehe 28 Agosti 1774 katika mji wa New York, wakati nchi ya Marekani ilikuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Mama yake alikufa mwaka 1777, naye mtoto hakuwa bado ametimiza miaka mitatu. Ukiwa huo wa kukosa mama ulikaa ndani yake muda mrefu, na tutauona tena mbele.

Baba yake, Richard Bayley, alikuwa munganga mwenye sifa. Serikali ilimpa kazi ya kulinda afya katika bandari ya New York, maana merikebu za wahamiaji zilifika zikiwa zimejaa wagonjwa wa homa. Watu hao walizuiwa kando ya mji, katika kisiwa cha Staten Island, wasiingize ugonjwa. Elizabeth alikaa huko na baba yake wakati wa joto, akaona kwa macho yake jamaa za maskini zikifa pale pale zilipotua. Mwaka 1801 Richard Bayley mwenyewe alishikwa na homa alipokuwa akiwahudumia wahamiaji, akafa.

Jamaa ya Elizabeth ilikuwa ya dini ya Waepiskopali, ndio ndugu za Waanglikano. Alipenda kusali na kusoma Maandiko Matakatifu tangu ujana. Tarehe 25 Januari 1794, akiwa na miaka 19, aliolewa na William Magee Seton, kijana wa jamaa ya wafanyabiashara wakubwa. Walizaa watoto watano: Anna Maria, William, Richard, Catherine na Rebecca. Katika raha yao Elizabeth hakusahau maskini. Mwaka 1797 alikuwa mmoja wa wanawake walioanzisha chama cha kuwasaidia wajane wenye watoto wadogo katika mji wa New York, akashika kazi ya kutunza fedha ya chama hicho. Hakujua kwamba baada ya miaka sita yeye mwenyewe angekuwa mjane wa namna hiyo.

Wakatoliki walikuwa wachache katika mji ule, na wengi wao walikuwa maskini waliotoka Ulaya, zaidi Irlandi. Mpaka mwaka 1784 sheria ya New York ilikataza mapadri kuingia. Walikuwa na kanisa moja tu, la Mtakatifu Petro, na watu wa cheo hawakufikiri kuingia humo. Elizabeth alikuwa mtu wa cheo.

Safari ya mwaka 1803

Shida ziliingia nyumbani kidogo kidogo. Mwaka 1798 baba mkwe alikufa, na William na Elizabeth wakapaswa kuwalea pia wadogo wa William. Merikebu za biashara zilipotea baharini au zilikamatwa kwa sababu ya vita ya mataifa ya Ulaya. Biashara ya Seton ikafilisika, nyumba na vyombo vikaandikwa ili madeni yalipwe. Tena William alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa.

Lilibaki tumaini moja. William alipokuwa kijana alikuwa amefanya kazi Livorno, bandari ya Italia, katika nyumba ya biashara ya ndugu wawili, Filippo na Antonio Filicchi. Waliwaza kwamba hewa ya huko pengine ingemrudishia nguvu. Tarehe 2 Oktoba 1803 walipanda merikebu: William, Elizabeth, na binti yao mkubwa, Anna Maria, mwenye miaka minane. Watoto wanne wengine waliachwa kwa ndugu. Rebecca, wa mwisho, alikuwa na mwaka mmoja tu.

Walifika Livorno katikati ya mwezi wa Novemba. Marafiki walikuwa wanawangoja bandarini, lakini hawakuruhusiwa kukaribiana. Habari zilikuwa zimefika kwamba homa ya manjano inaua watu New York, na wasimamizi wa bandari, walipomwona William anavyokohoa, waliwapeleka wote watatu katika lazareto, nyumba ya kuwafungia wageni wanaotiliwa mashaka ya ugonjwa. Hivyo binti wa yule munganga aliyewazuia wahamiaji kisiwani alizuiwa naye, ng'ambo ya bahari, kwa sheria ile ile.

Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tuliopita katika ugonjwa wa Ebola toka 2018 hata 2020, tunaweza kuelewa jambo hili bila maelezo mengi. Tunajua maana ya kumwona mpenzi wako upande wa pili wa uzio bila kumgusa. Tunajua kwamba sheria ya kulinda watu inaweza kuwa ya haki, na papo hapo ikaumiza.

Chumba kilikuwa cha mawe, chenye baridi na upepo wa bahari. Anna Maria aliruka kamba ili apate joto. William alitapika damu. Elizabeth alimwuguza, aliandika habari za kila siku kwa ajili ya shemeji yake aliyempenda sana, Rebecca Seton, na kila siku walisali pamoja na kusoma Zaburi. Wakati wa mafanikio William hakushughulika sana na mambo ya Mungu. Katika chumba kile alijifunza kusali.

Hawakuachwa peke yao. Jamaa ya Filicchi haikuweza kufungua mlango wa lazareto, lakini ilituma chakula, matandiko, na mtumishi wa kuwasaidia. Tarehe 19 Desemba waliachiliwa, wakapelekwa Pisa. Walikuwa wamechelewa. William alikufa tarehe 27 Desemba 1803, akiwa na miaka 35. Watu waliogopa ugonjwa, na Elizabeth alimtengeneza marehemu wake akisaidiwa na mfuaji nguo mmoja. Kesho yake alimzika Livorno, katika makaburi ya wageni Waprotestanti.

Nyumba iliyofunguliwa

Mjane wa miaka 29, katika nchi ya lugha asiyoijua, bila mali, watoto wake wanne wakiwa upande mwingine wa bahari: ndivyo Elizabeth alivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 1804. Jamaa ya Filicchi ilimpokea pamoja na binti yake kama ndugu wa damu. Filippo alikuwa amekaa Marekani na mke wake, Mary, alikuwa wa huko. Antonio na mke wake, Amabilia, walikuwa na watoto wadogo, wakajua namna ya kumtuliza mama aliye mbali na watoto wake.

Watu hao walikuwa wakatoliki wa kweli. Walifunga katika Kwaresima, walikwenda Misa, walishika neno lao katika biashara. Elizabeth aliona hayo kabla ya kuulizwa swali lolote juu ya dini yake. Aliposhangaa na kuuliza, ndipo walipomjibu. Filippo alimweleza mambo ya imani kwa utaratibu, Antonio alimfundisha kufanya ishara ya msalaba. Lakini mafundisho hayo yalipanda juu ya udongo uliokwisha kulimwa na mapokezi yao.

Amabilia alimpeleka Florence kutembelea makanisa. Elizabeth aliona mazee na vijana, matajiri na maskini, wamepiga magoti bega kwa bega, bila kutazama nani anaingia. Huko kwao makanisa yalikuwa na viti vya watu wa heshima. Hapa kila mtu alikuwa chini mbele ya Mungu. Siku nyingine walikwenda pamoja katika kanisa la Bikira Maria la Montenero, karibu na Livorno. Wakati padri alipoinua Hosti takatifu, kijana mmoja Mwingereza, mtalii, alimnong'oneza Elizabeth maneno ya dhihaka juu ya yale ambayo wakatoliki wanasadiki. Maneno hayo yaliyotaka kumchekesha yalimchoma. Aliinama hata chini, akaanza kujiuliza: Je, kama ni kweli? Kama Bwana yuko hapa kweli?

Tangu siku ile swali la Ukaristia halikumwacha. Padri alipopita barabarani akimpelekea mgonjwa Sakramenti, Elizabeth alimwona toka dirishani, akatamani kuwa na imani ile ya kujua kwamba Mungu anapita karibu na nyumba. Siku moja alikuta katika kitabu cha Amabilia sala ya kumwomba Bikira Maria msaada. Aliisali. Yeye aliyekosa mama toka utoto aliona sasa kwamba amepata Mama.

Alitaka kurudi upesi kwa watoto wake, lakini merikebu waliyoipanda iligongana na nyingine wakati wa dhoruba, wakashuka. Kisha Anna Maria aliugua homa kali yenye vipele, na baada yake Elizabeth mwenyewe. Jamaa ya Filicchi iliwauguza wote wawili. Hatimaye, tarehe 8 Aprili 1804, walisafiri. Antonio aliacha mke wake na watoto wake, akawasindikiza mpaka New York, kwa kuwa hakutaka mjane apite baharini bila mtu wa kumlinda.

Mgeni katika mji wake mwenyewe

Walifika mwezi wa Juni 1804. Elizabeth aliwakuta watoto wake wazima, lakini Rebecca, yule shemeji mpenzi, alikuwa anakufa, naye alizikwa mwezi uliofuata. Kisha mapigano ya moyo yakaanza. Mchungaji John Henry Hobart, aliyekuwa amemwongoza katika sala kwa miaka, alimpa vitabu vya kupinga imani katoliki. Filippo alikuwa amemwandikia maelezo marefu ya kuitetea. Elizabeth alisoma vyote, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa. Aliogopa kukosea kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya watoto watano.

Alikwenda bado katika kanisa la Waepiskopali, lakini alichagua kuketi pembeni, akielekea upande wa njia nyingine ambako kanisa la Mtakatifu Petro lilikuwa. Mwili wake ulikuwa pale. Maneno yake yalikwenda kwa Yezu wa Ukaristia katika kanisa lile la maskini. Karibu mwaka mzima alikaa katika giza hilo. Wale wanaofikiri kwamba watakatifu hawajui mashaka wasisahau mwaka huu wa maisha yake.

Tarehe 14 Machi 1805 aliingia katika kanisa la Mtakatifu Petro, akapokewa katika Eklezia Katolika. Tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, alipokea Komunyo yake ya kwanza. Furaha yake ilikuwa kubwa, na bei yake pia. Ndugu na rafiki wengi walijitenga naye. Alipojaribu kufundisha watoto ili apate chakula, wazazi waliogopa kwamba atawageuza dini. Mdogo mmoja wa marehemu mume wake, Cecilia, alipokuwa mkatoliki mwaka 1806, hasira ya jamaa iliongezeka. Huko Italia mgeni alikuwa amekaribishwa kama mwenyeji. Huku kwao mwenyeji alikuwa amefanywa mgeni. Antonio Filicchi hakumwacha. Aliendelea kumpa msaada wa fedha na mashauri.

Mama wa shule na wa masista

Mwaka 1808 Padri Dubourg, wa shirika la Mtakatifu Sulpisi, alimwalika Baltimore, katika nchi ya Maryland, aanzishe masomo ya wasichana. Alisafiri tena pamoja na binti zake. Wasichana wengine walikuja kukaa naye, wakitamani kumtumikia Mungu kwa namna moja. Tarehe 25 Machi 1809 alitoa nadhiri mbele ya Askofu John Carroll, na tangu hapo watu walimwita Mama Seton. Mwaka ule ule walihamia Emmitsburg, kijiji karibu na milima, na tarehe 31 Julai 1809 jumuiya ya Masista wa Mapendo ilianza. Ilikuwa jumuiya ya kwanza ya masista iliyozaliwa katika Marekani yenyewe. Kanuni yao ilifuata ile ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Mtakatifu Louise de Marillac, ikapatanishwa na hali ya nchi ile. Mama Seton aliruhusiwa kubaki mlezi wa watoto wake, maana nadhiri hazikumvua umama.

Mwezi wa Februari 1810 walifungua masomo bure kwa wasichana maskini wa parokia. Wanafunzi wa siku ya kwanza walikuwa watatu. Wengine wenye uwezo walilipa, na malipo yao yalisaidia wale wasiokuwa na kitu.

Tusifikiri kwamba raha ilimngoja huko. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa baridi na finyu. Harriet na Cecilia, wadogo wa mume wake waliomfuata katika imani, walikufa mmoja baada ya mwingine, Desemba 1809 na Aprili 1810. Anna Maria, yule mtoto aliyeruka kamba katika lazareto, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1812. Rebecca, kitinda mimba, alimfuata mwaka 1816. Majonzi ya Mama yalikuwa makali hata masista waliomwona waliogopa. Imani haikumwondolea machozi. Ilimpa mahali pa kuyapeleka.

Hata hivi, mlango wa Livorno haukufungwa. Mwaka 1815 mwana wake William alipelekwa huko kujifunza biashara katika nyumba ya Filicchi, na baadaye ndugu yake Richard pia. Tena jambo moja linatufurahisha zaidi. Mwaka 1817 Mama Seton alituma masista New York kulea yatima. Mji uliomkataa mjane ulipokea sasa binti zake wa kiroho, nao waliwafungulia mlango watoto wasiokuwa na mtu. Tangu 1814 wengine walikuwa wanafanya kazi ile ile Philadelphia.

Elizabeth Ann Seton alikufa Emmitsburg tarehe 4 Januari 1821, akiwa na miaka 46. Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimtangaza mwenye heri mwaka 1963, na Paulo VI alimtangaza mtakatifu tarehe 14 Septemba 1975. Alikuwa mtakatifu wa kwanza aliyezaliwa katika nchi ya Marekani. Eklezia inamkumbuka kila tarehe 4 Januari.

Fundisho kwa parokia yetu

Tukitafuta mwanzo wa kazi hii yote, masomo, yatima, masista wengi, tunafika kwenye meza ya jamaa moja ya Livorno. Filippo, Antonio, Mary na Amabilia hawakujua kwamba wanampokea mtakatifu. Walimwona mjane mwenye mtoto, aliyetoka katika nyumba ambayo watu waliogopa ugonjwa wake. Walimpa chumba, chakula, na urafiki. Walisali kama walivyozoea kusali. Walijibu maswali yake alipouliza. Walipomaliza, walimsindikiza mpaka kwao, na hawakumsahau alipokuwa mbali.

Ndugu wapenzi, jambo hili halitaki fedha nyingi wala masomo makubwa. Jumuiya zetu za kikristo zinaweza kulifanya katika mtaa wowote. Mgeni anapoketi kiti cha nyuma Dominika, na atoke bila mtu kumwuliza jina lake, pengine tumepoteza kitu ambacho Mungu alitaka kutupa. Mkimbizi anapofika na watoto, tusianze kumwuliza kabila lake au dini yake. Tuanze na maji ya kunywa na mahali pa kulala. Na sisi wenyewe tunapokuwa safarini, tukifika katika kanisa ambalo hatujui wimbo wake wala lugha yake, tupige magoti bila woga, maana Bwana aliye katika tabernakulo ya kwetu yuko pale pia.

Yubile ikipita, mapambo yatashushwa na wageni wa heshima watarudi kwao. Tunaomba kwamba mlango wa parokia ubaki wazi baada yao.

Mtakatifu Elizabeth Ann Seton, mjane, mama na msafiri, utuombee.